Sungura Wawili Shuleni: Mwongozo Kamili wa Kufuga Mnyama wa Darasa

Mtoto wa darasa la kwanza ukimwambia awe na wajibu, neno hilo linampita. Mwambie kwamba sungura walioko bandani hawajabadilishiwa maji tangu jana jioni na kwamba zamu ya leo ni yake: hapo anaelewa bila maelezo zaidi, na kesho yake atawahi kufika. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mnyama shuleni, na nyingine zote zinaifuata.

Zinaifuata kwa sharti moja tu. Mnyama atunzwe vizuri, kila siku, mbele ya macho ya watoto. Banda linalonuka, lenye sungura mwenye ukurutu masikioni na bakuli kavu, nalo linafundisha: linafundisha kwamba kiumbe dhaifu anaweza kusahaulika na mtu mzima asiseme kitu. Shule isiyo na uhakika wa kulinda ratiba ya maji na majani kwa mwaka mzima, likizo zikiwemo, bora isianze.

Faida zenyewe si za kufikirika. Kayoko Inagaki wa Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, aliwalinganisha watoto wa chekechea waliokuwa wakifuga samaki wa dhahabu nyumbani na wasiofuga. Waliofuga walijua mengi zaidi kuhusu mwili wa samaki, na zaidi ya hapo waliutumia ujuzi huo kukisia mambo ya chura, mnyama ambaye hawakuwahi kumfuga. Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, simbilisi wawili (wanyama wadogo wa kufugwa, kwa Kiingereza guinea pig) waliletwa kwa watoto wa madarasa 15. Watoto wenye usonji walizungumza zaidi, walizitazama zaidi nyuso za wenzao na walitabasamu na kucheka zaidi simbilisi wakiwepo kuliko walipopewa vichezeo. Huko Marekani, mwaka 1983, watoto waliosoma kwa sauti huku mbwa akiwa chumbani walipimwa shinikizo la damu, likaonekana kuwa chini kuliko mbwa alipokuwa hayupo.

Kwetu wazo hili lina mizizi yake. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 nchini Tanzania ilitaka shule ziwe na mashamba na mifugo, na Kenya ina vilabu vyake vya 4K, vya kilimo kwa wanafunzi. Tofauti ni kwamba banda la mradi linalenga mazao, banda la darasa linamlenga mtoto. Yanajengwa na kuendeshwa kwa namna mbili tofauti, na shule nyingi hukwama kwa sababu huyachanganya.

Hatua ya 1: Kuamua kabla ya kununua

Kikao cha kwanza kijibu swali ambalo watu wazima hulikwepa: je, sungura hawa wataliwa? Kama ni mradi wa kitoweo au wa kuuza, ni jambo halali na la heshima, lakini watoto waambiwe tangu siku ya kwanza, na wanyama wasipewe majina. Kama ni wanyama wa darasa, hawachinjwi. Kumpa mtoto wa miaka 7 sungura, akamwita Pendo, kisha Desemba Pendo akaingia chunguni, ni kuvunja uaminifu ambao hamtaurudisha kwa mkutano wa wazazi.

Wazazi waandikiwe barua fupi yenye maswali matatu: mtoto ana pumu au mzio wowote? Ana vidonda vya ngozi au ugonjwa unaodhoofisha kinga? Kuna sababu ya dini au ya kifamilia ya kutomgusa sungura? Wapo Wasabato, kwa mfano, ambao hawali sungura, na baadhi yao hawatapenda mtoto wao amshike. Mtoto wa namna hiyo hatengwi. Atapewa kazi ya daftari, ya mizani au ya kukata nyasi.

Kwa nini sungura, si mwingine? Mbwa huleta hofu ya kichaa, na familia nyingi za Kiislamu hazipendi mate yake. Vifaranga na kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara, bila kuonyesha dalili, kwa hiyo watoto wa chini ya miaka 5 hawafai kuwashika. Tena kobe ni mnyamapori, huhitaji kibali. Kasuku na tumbili wasifikiriwe kabisa. Simbilisi ni wazuri na wapole, ila mwili wao hautengenezi vitamini C, hivyo wakikosa majani mabichi kwa wiki chache wanaanza kuugua. Sungura hula kinachoota kila mahali, halii kwa kelele, na ni mkubwa kiasi cha kuonekana na kundi la watoto kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Kuchagua wanyama wenyewe

Nunua wawili, majike, ndugu wa uzazi mmoja, wenye umri wa wiki 8 hadi 12. Wawili kwa sababu sungura ni mnyama wa kundi, na akiwa peke yake huzubaa au huwa mkali. Majike kwa sababu madume mawili yakikomaa hupigana hadi kujeruhiana sehemu za siri. Dume na jike pamoja ni kosa kubwa kuliko yote: jike huanza kushika mimba akiwa na miezi 4 hivi, hubeba siku 31 tu, huzaa vitoto 4 hadi 8 na mara nyingine zaidi, na anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Shule iliyoanza na wawili mwezi Januari hujikuta mwisho wa mwaka na banda lililofurika, wengine wanazaliana ndugu kwa ndugu.

Usimwamini muuzaji kuhusu jinsia, kagua mwenyewe. Mlaze sungura chali mapajani, kichwa kikielekea kwako, kisha kwa vidole viwili bonyeza taratibu juu na chini ya uwazi wa mbele ulio karibu na mkia. Kwa jike utaona mpasuo wa wima unaoelekea mkiani. Kwa dume hutokeza kijibomba chenye kitundu cha duara. Chini ya wiki 8 hata wafugaji wazoefu hukosea, kwa hiyo rudia ukaguzi wakifika wiki 12.

Angalia pia ndani ya masikio (yasiwe na magamba ya kahawia), pua kavu, miguu ya mbele isiyo na manyoya yaliyogandamana (sungura mwenye mafua hupangusa pua kwa miguu), na meno ya juu yakiyafunika kidogo ya chini. Meno ya mbele ya sungura hukua milimita 2 hadi 3 kila wiki maisha yake yote. Yasipokutana vizuri hayasagani, yanapinda, na mnyama hushindwa kula.

Kwa watoto wadogo epuka aina kubwa kama Flemish Giant, anayeweza kupita kilo 6. Chotara wa kienyeji wa kilo 2 hadi 3 anatosha. Ukikosa ila New Zealand White, atakuwa na kilo 4 hadi 5, na wa darasa la tatu kwenda juu wanammudu.

Hatua ya 3: Banda

Vipimo vya banda la wawili: urefu sentimita 180, kina sentimita 75, kimo cha ndani sentimita 80 mbele na 60 nyuma ili paa literemshe maji. Sakafu iwe sentimita 70 kutoka ardhini. Hapo mtoto wa miaka 6 anaona ndani bila kubebwa, na mwalimu anafagia chini bila kupiga magoti.

Mahitaji: mbao 7 za inchi 2 kwa 2 zenye urefu wa futi 12, mita 4 za wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, upana sentimita 90, mabanzi au pleiwudi ya kutosha mita za mraba 3, bawaba 4, komeo 2 na kufuli, misumari ya inchi 3 na ya inchi moja na nusu, makopo 4 ya bati. Miguu ya mbele kata sentimita 150, ya nyuma 130.

Nusu ya sakafu iwe ya mbao tupu, nusu iwe ya wavu ili kinyesi na mkojo vianguke. Wavu mtupu sakafu nzima huchubua nyayo, na vidonda hivyo haviponi upesi kwa sababu mnyama anavikalia usiku na mchana. Mwisho wa banda upande wa mbao, ziba sentimita 60 pande zote na uache mlango wa upana wa sentimita 20: hicho ni chumba cha kujificha. Watoto wengi hukasirika sungura akiingia humo wakati wao wanataka kumwona. Kaeni na sheria isiyobadilika kwamba akiwa chumbani mwake hatolewi. Somo la heshima kwa nafsi ya mwingine linaanzia hapo.

Usitumie waya mwembamba wa kuku. Mbwa anaupasua kwa meno, kicheche anapenya, na nyoka anaingia bila shida. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari au maji yenye sabuni, kwa ajili ya siafu. Siafu wakiingia usiku hamtakuta sungura hai asubuhi. Makopo yakaguliwe kila wiki, maana jani moja lililoanguka na kugusa mguu wa banda linakuwa daraja lao.

Paa la makuti au nyasi ni bora kuliko bati. Kama mna bati tu, lazeni makuti au nyasi juu yake. Sungura hana namna nzuri ya kutoa jasho. Hupoza mwili kupitia mishipa ya masikio, na joto likipita nyuzi 30 anaanza kuteseka. Kwa shule za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa jambo hili ni la kufa na kupona kati ya Desemba na Machi. Weka banda chini ya mti wenye kivuli cha siku nzima, ubavu mrefu ukielekea kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja. Iringa, Njombe au Limuru tatizo ni upepo na baridi ya Juni hadi Agosti: ziba ubavu unaopigwa na upepo kwa gunia, ongeza nyasi kavu chumbani.

Ongezea uzio wa kuchezea ardhini, mita 3 kwa 2, wavu ukizama sentimita 30 udongoni kwa sababu sungura huchimba. Watolewe saa moja au mbili kwa siku, mtu mzima akiwepo.

Hatua ya 4: Siku 14 za mwanzo

Wiki ya kwanza hakuna anayewashika. Watoto wanasimama hatua tatu kutoka bandani, wanaangalia, wanachora, wanaandika walichoona. Sungura aliyetoka kuhamishwa na kushikwashikwa siku hiyohiyo huacha kula, na sungura aliyeacha kula anakufa upesi. Wiki ya pili mwalimu mmoja anawalisha kwa mkono, watoto wawili wawili wakiwa wamekaa karibu kimya. Siku hizi 14 ndizo pia za kuona kama wamekuja na ugonjwa. Chakula walichokuwa wakila kwa muuzaji nunua kidogo, uchanganye na kipya kwa siku 7 huku ukikipunguza, maana tumbo la sungura haliwezi mabadiliko ya ghafla.

Hatua ya 5: Kulisha

Hapa ndipo makosa mengi yapo. Watu hudhani chakula cha sungura ni karoti na kabichi. Chakula chake ni nyasi.

Kwa sungura mmoja wa kilo 3, kila siku:

– Nyasi kavu (hei), fungu kubwa kama mwili wake, zisikatike usiku wala mchana. Nyuzinyuzi zake ndizo zinazosukuma utumbo na kusaga meno.
– Majani mabichi gramu 200 hivi: matembele, kishona nguo, mchicha, majani ya karoti. Yakatwe jana yake au asubuhi, yaanikwe kivulini kwa muda wa saa 4 hadi 6 yanyauke. Yenye umande au yaliyochachuka kwenye fuko la plastiki huvimbisha tumbo.
– Peleti za sungura (punje za chakula cha dukani) gramu 60 hadi 75, kiasi cha ngumi ya mtoto. Pumba za mahindi ziwe za dharura tu. Hunenepesha na kuharisha.
– Kipande cha karoti au ndizi chenye ukubwa wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki.
– Maji safi. Hunywa mililita 100 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo wawili wapewe lita moja, na msimu wa joto lita 2, kwenye bakuli mbili nzito za udongo zisizopinduka.

Vya kukataza kabisa: majani na tunda la parachichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kisamvu kibichi, vitunguu, maharage makavu au mabichi, mkate, biskuti na pipi. Chunguza ua la shule pia. Oleanda na lantana hupandwa sana kwa ajili ya maua, na zote mbili ni sumu. Bandika bandani picha tano za majani yanayoruhusiwa, na kanuni iwe kwamba lisilo pichani haliingii.

Watoto wataona sungura akila kitu kutoka mkunduni mwake na watapiga kelele za kuchukizwa. Waelezeni: ni kinyesi laini kinachotoka hasa usiku na alfajiri, chenye vitamini zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo. Akikosa kukila anadhoofika. Ng'ombe hucheua, sungura hufanya hivi.

Hatua ya 6: Zamu

Chukulia darasa la watoto 50. Gawa makundi 10 ya watoto 5, kila kundi wiki moja, na muhula mmoja unatosha kila mtoto kupata zamu. Kazi 5 zibadilishane ndani ya kundi kila siku: wa maji, wa majani, wa ufagio, wa mizani na wa daftari. Usimpe mtoto mmoja ufagio wiki nzima kwa kuwa ni mtundu. Kusafisha kukigeuka adhabu, banda limekufa.

Saa 1:30 asubuhi: kumwaga maji ya jana, kuosha bakuli, kujaza, kukusanya kinyesi, nyasi mpya. Saa 6 mchana: maji na kivuli vikaguliwe. Saa 9:30 alasiri: majani, peleti, komeo na kufuli. Mwalimu wa zamu atie sahihi mara zote tatu. Hata darasa liwe zuri namna gani, mwenye dhamana ya mwisho ni mtu mzima, na mtoto aliyesahau maji asibebeshwe lawama ya mnyama kuugua.

Kufagia kila siku kuna sababu mahususi. Vijidudu vya koksidiosisi, ugonjwa unaoua zaidi sungura wachanga, hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza; vinahitaji siku 1 hadi 4 nje ya mwili ili vikomae. Ukifagia kila siku unavitangulia. Ukifagia Jumatatu na Ijumaa unavisubiri. Dawa nyingi za kuoshea haziviui, wala jiki. Kinachoviua ni maji yaliyochemka na jua kali, kwa hiyo Ijumaa mwalimu au mlinzi amwagie mbao maji yanayochemka na kuzianika, watoto wakiwa mbali.

Hatua ya 7: Kumshika

Mtoto hambebi sungura akiwa amesimama. Akirusha miguu ya nyuma kwa nguvu angani au akiangushwa, uti wake wa mgongo huvunjika. Watoto 3 au 4 wakae chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, taulo mapajani. Mwalimu humtoa sungura kwa kuweka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, anamwegemeza kifuani pake, kisha anamweka kwenye taulo. Mtoto anampapasa kuanzia paji la uso kuelekea mgongoni, si tumboni wala miguuni. Dakika 5 kwa kila mtoto, dakika 20 kwa kikao, vikao viwili kwa siku, basi. Kumnyanyua kwa masikio ni marufuku, hata kama sokoni ndivyo wanavyofanya.

Wafundisheni kusoma mwili wake. Akipiga mguu chini ameogopa. Akilaza masikio nyuma na kujikunyata, arudishwe bandani. Akisaga meno polepole huku amelegea, ameridhika. Akiyasaga kwa nguvu huku amejikunja, ana maumivu. Mtoto mwenye fujo hupata hapa kitu ambacho maonyo hayampi, kwa sababu sungura hutoka mapajani mwake mara tu sauti inapopanda na hurudi inaposhuka.

Kucha zipunguzwe kila wiki 4 hadi 6 na mtu mzima, milimita 2 za ncha tu. Kwa sungura mweupe mshipa wa damu unaonekana kama mstari wa waridi ndani ya ukucha, usiufikie.

Hatua ya 8: Kumwingiza kwenye masomo

Hisabati ni rahisi kuliko zote. Kila Jumatano mpimeni: kikapu kitupu gramu 450, kikapu na sungura gramu 2,380, je, sungura ana gramu ngapi? Asubuhi mimina mililita 1,000 za maji, alasiri pima yaliyobaki, chora grafu pamoja na joto la siku. Baada ya wiki 4 watoto wataona wenyewe mistari miwili ikipanda pamoja. Uzito ukipungua kwa asilimia 10 ndani ya wiki mbili, aitwe daktari wa mifugo. Yaani grafu ya darasa ni kipimo cha afya halisi, na watoto wakilijua hilo hawakosei kutoa.

Katika Kiswahili kuna hazina. Kila mtoto anamjua Sungura mjanja wa ngano, anayewazidi akili fisi na simba. Mwulize: huyu wa bandani anajilindaje, kwa ulimi au kwa masikio? Aandike ngano mpya yenye tabia alizoziona kweli. Ngeli pia zinapata mwili: sungura huyu amekula, bakuli hili limepinduka, maji haya yamechafuka, ukucha huu umerefuka. Hakuna haja ya kukariri jedwali wakati vitu vyenyewe viko mbele ya macho.

Kusoma kwa sauti ndiko kunakostahili muda mwingi kuliko vyote. Mwaka 1999 huko Salt Lake City, Marekani, ulianza mpango wa watoto kuwasomea mbwa waliofunzwa, na umeenea nchi nyingi. Kinachofanya kazi ni kitu kidogo: msikilizaji hacheki wala hasahihishi. Mtoto anayegugumia au anayesoma kwa kuunganisha silabi akae kando ya banda na kitabu chepesi, dakika 10, mara tatu kwa wiki, mwalimu akiwa umbali wa kusikia bila kuingilia. Maneno yaliyomshinda yaandikwe pembeni na yafundishwe baadaye darasani. Msimlazimishe kusoma mbele ya wenzake wiki hiyohiyo. Atakuja mwenyewe.

Hatua ya 9: Usafi

Kibuyu chirizi kiwe hatua chache tu kutoka bandani, na sabuni imefungwa kwa kamba. Sekunde 20 za kusugua baada ya kumgusa mnyama, nyasi, bakuli au ufagio. Hakuna kula wala kunywa ndani ya mita 5 za banda, wala kumbusu sungura. Bakuli zake zisioshwe kwenye sinki la jiko la shule.

Mtoto akikwaruzwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, funika, andika daftarini, mjulishe mzazi siku hiyohiyo. Aking'atwa kwa kina aende zahanati kuangaliwa chanjo ya pepopunda. Mtoto aking'atwa na mbwa au paka aliyevamia banda, hilo ni jambo jingine kabisa: kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 na apelekwe hospitali mara moja kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kinyesi kirundikwe kwenye shimo la mboji kwa miezi 3 kabla ya kwenda kwenye matuta ya mchicha. Wapo wanaokitia moja kwa moja shambani, na mimea haiungui, lakini kwenye bustani ambayo watoto wanaigusa kwa mikono tahadhari hiyo ni ya bei rahisi.

Hatua ya 10: Anapougua

Dharura ni tatu. Ya kwanza ni kutokula au kutotoa kinyesi kwa saa 12. Sungura hatapiki, utumbo ukisimama, gesi inamjaa na anakufa. Ya pili ni kuhara majimaji, hasa kwa mwenye umri wa mwezi 1 hadi 3: mara nyingi ni koksidiosisi, na daktari wa mifugo ataanzisha dawa ya salfa siku hiyohiyo. Ya tatu ni joto: anahema mdomo wazi, masikio ya moto, amelala ubavu. Mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, mzungushie kitambaa chenye unyevu. Usimtumbukize kwenye maji baridi, mshtuko humuua.

Magamba ndani ya masikio na kutikisa kichwa ni ukurutu. Yasibanduliwe, daktari atampa ivermektini na wote wawili watatibiwa. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya yanaweza kuwa mapunye, yanayoambukiza watoto: simamisha kumshika hadi apone, na kagua ngozi za kundi la zamu.

Onyo kwa wanaopenda kununua dawa bila ushauri. Amoksilini au penisilini ya kunywa huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura na kumuua yeye mwenyewe. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili nayo ni sumu kwake. Si kila muuzaji dukani anajua haya.

Hatua ya 11: Jumamosi, Jumapili na likizo

Si lazima sungura wa shule afe kwa ugonjwa. Anaweza kufa kwa kusahauliwa wakati wa likizo. Wiki 3 kabla ya kufunga, andikeni karatasi yenye jina la mtu mmoja (si "mlinzi au yeyote"), namba ya daktari wa mifugo, kiasi cha chakula, na fedha ya majani iliyokwisha kutolewa mkononi. Afike mara mbili kwa siku na atume picha ya bakuli la maji kwa mwalimu. Akichukua mzazi, wachukuliwe wote wawili, na mwalimu akaione kwanza sehemu watakakokaa: kama kuna mbwa na hakuna banda la kufungwa, jibu ni hapana. Wiki ya mitihani nayo ihesabiwe kama likizo, kwa sababu ndipo zamu hulegea.

Hatua ya 12: Akifa

Kwa matunzo mazuri sungura huishi miaka 5 hadi 8 au zaidi, lakini siku hiyo itafika. Waambie watoto asubuhi hiyohiyo, kwa neno lake: amekufa. Ukisema amelala, wadogo wataogopa kulala. Ukisema amesafiri, watamngoja. Jibu maswali yao kwa ukweli, na kama chanzo ni uzembe wa watu wazima, kiri. Azikwe kina cha sentimita 60 au zaidi, mbali na kisima, na asiliwe hata kama alionekana mzima jana. Kifo cha ghafla daktari aulizwe kabla ya kuzika.

Anayebaki atatafuta mwenzake na anaweza kupunguza kula, kwa hiyo mpimeni kila siku kwa wiki mbili. Mkimletea mwenzi, jike mwingine, wasiwekwe pamoja mara moja. Wakae kwenye mabanda mawili yanayoonana kwa siku 14 na mbadilishane nyasi zao za kulalia ili wazoee harufu. Kisha wakutane mahali pasipo pa yeyote kati yao, dakika 15 siku ya kwanza, zikiongezeka kila siku, taulo likiwa tayari la kuwatenganisha. Wakianza kulambana nyusoni, wahamie banda moja, likiwa limeshaoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa juani.